Ratiba ya Baba Hakimu

Mtu anayepanga safari za mabasi arobaini kwa siku hawezi kushindwa na watoto watatu. Hivyo ndivyo alivyoamini Baba Hakimu, na Jumapili ile waliporudi kutoka ibadani hakubadili hata shati. Alitandaza karatasi kubwa juu ya meza ya chakula, akapanga kalamu tatu za rangi, akavaa miwani, kisha akakohoa kama mwenyekiti anayetaka kufungua kikao.

"Mama Hakimu," alisema, "wiki hii wewe ni mtahiniwa. Mtahiniwa hasumbuliwi. Mambo yote niachie mimi."

Mkewe alikuwa anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba. "Nimesikia," alijibu. "Sogeza kiwiko, kimekalia mkono wa blauzi."

Mtihani wenyewe ulikuwa Ijumaa, saa kumi jioni. Ilikuwa karatasi ya hesabu, ya mwisho kabisa katika masomo ya jioni ambayo mama huyu alikuwa ameyavuta kwa miaka minne kama mtu anayevuta ndoo kwenye kisima kirefu. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne. Sasa alikuwa na arobaini na mbili, akifua mashuka katika hospitali kubwa ya mji, zamu ya alfajiri, na moyo wake wote ulikuwa kwenye cheti. Bila cheti hakuna aliyeweza kumpeleka kwenye mafunzo ya wauguzi wasaidizi. Mara ya kwanza alipojiandikisha, mtoto wa mwisho alishikwa na homa siku ile ile, akageuza njia akiwa tayari yuko kituoni. Mara ya pili shule ya mtoto wa kati ilifunga mapema na hakukuwa na wa kumchukua. Utaratibu uliruhusu kujiandikisha mara tatu tu. Ukikosa ya tatu, unarudi darasani tangu somo la kwanza.

Hii ilikuwa ya tatu. Nyumba nzima ilijua. Baba Hakimu alijua kuliko wote, ndiyo maana alinunua kalamu za rangi.

Rangi nyekundu ilikuwa ya Hakimu, binti yao mkubwa wa miaka kumi na minne. Alipewa jina hilo akiwa na miaka mitatu, alipokataa kulala mpaka aelezwe sababu. Sasa alikuwa nguzo ya timu ya mdahalo shuleni kwake. Rangi ya bluu ilikuwa ya Honi, kijana wa miaka kumi, aliyeingia bendi ya shule na kupewa tarumbeta. Baada ya miezi mitatu alikuwa amefahamu noti moja vizuri, na majirani pia walikuwa wameifahamu. Kijani ilikuwa ya Kitinda, wa miaka sita, ambaye katika mchezo wa kuigiza wa darasa lake alikuwa jiwe. Jiwe halikuwa na maneno ya kusema wala pa kwenda, lakini lilitakiwa mazoezini mara tatu kwa wiki.

Ilipofika saa tisa ratiba ilikuwa imekamilika. Kila mtoto alikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na mahali, saa, anayepeleka na anayerudisha. Jina la Mama liliandikwa kwa penseli, kwa kuwa kalamu za rangi zilikuwa za watoto.

Mkewe aliisoma akiwa amesimama, rundo la mataulo mkononi. Aliisoma muda mrefu kidogo.

"Naona nimeandikwa sana," alisema.

"Bila wewe haiendi," Baba Hakimu alijibu, akidhani amesifiwa, na akaenda kutafuta gundi.

Jumatatu mambo yalianza kwa heshima zote. Ratiba ilisema tarumbeta ifike chumba cha bendi saa tisa na nusu. Saa tisa na dakika ishirini na nane Baba Hakimu aliingia na tarumbeta kwapani, akamsalimu mwalimu na kutazama saa yake kwa ridhaa.

"Ahsante, mzee," mwalimu alisema. "Na mpigaji?"

Mpigaji alikuwa nyumbani, amekaa kwenye ngazi na buti miguuni, akimsubiri baba aliyepita mbele yake mbio mbio na chombo chake. Alipoulizwa kwa nini hakuita, Honi alisema, "Uliniambia nisikuzungumzishe ukiwa kwenye ratiba." Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wa mtoto haujibiki.

Jumanne ilikuwa ya jiwe. Vazi la jiwe lilikuwa gunia lililopakwa rangi ya majivu, na mvua ya mchana ilikuwa imelinyeshea kwenye kamba. Kitinda alifika mazoezini akichuruzika kijivu hadi magotini. Mwalimu wa maigizo, mama mwembamba aliyeichukulia sanaa kwa uzito unaostahili mazishi, alimvuta Baba Hakimu pembeni.

"Mzazi, jiwe lisichelewe tena. Shujaa anakaa juu yake katika onyesho la kwanza."

"Hatukuchelewa, mwalimu. Tumefika saa kamili."

"Saa kamili ni ya miti," alisema mwalimu. "Mawe yanatangulia."

Baba Hakimu aliandika hilo kwenye daftari lake. Jioni alimsimulia mkewe, naye alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Juu ya jiko, pale ambapo wengine hutundika kalenda, alikuwa amebandika kanuni za hesabu kwenye vikaratasi vilivyokwisha kulowa mvuke. Alikoroga sufuria huku midomo ikitembea, na isingejulikana kama anaomba au anatafuta eneo la duara. Huenda yote mawili.

"Somo linaendaje?" mumewe aliuliza.

"Linaenda. Kesho ni kipindi cha mwisho cha marudio."

"Uende. Usijali kitu, ratiba ipo."

Jumatano ratiba haikuwepo. Ukutani palibaki alama nne za gundi. Mada ya mdahalo siku hiyo ilikuwa kwamba wazazi wasiwapangie watoto muda wao wa baada ya masomo, na Hakimu, aliyekuwa upande wa kuunga mkono, alikuwa ameondoka na ratiba asubuhi kama kielelezo. Akiwa kazini, Baba alipigiwa simu ya habari hiyo na shangazi wa mtoto mmoja wa timu pinzani, aliyeona ni vizuri mzazi ajue kwamba mwandiko wake umetazamwa na watu mia mbili.

Kwa hiyo jioni hiyo hakuna aliyejua aende wapi, isipokuwa mama. Mama alitoka zamu, akampeleka Honi kwa daktari wa meno ambaye ratiba ilikuwa imemsahau, akamrudisha Kitinda kwa njia ya mkato, akamngoja Hakimu langoni, na saa kumi na mbili kasoro wote walikuwa mezani wameoga. Hakuandika popote. Kipindi cha marudio kilikuwa kimeanza saa kumi na moja.

"Umeona," Baba Hakimu alisema huku akiibandika tena karatasi, "hata isipokuwepo, mpango ukishaingia vichwani mwa watu unafanya kazi."

Mkewe alimtazama. Kisha akaenda chumbani. Kupitia mlango uliobaki wazi kidogo alionekana amepiga magoti kando ya kitanda, na alikaa hapo muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Kielelezo kilishinda?" baba alimuuliza binti yake.

"Kwa kura nyingi," alisema Hakimu. "Ila jaji mmoja aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu."

"Swali gani hilo lililokushinda wewe?"

"Aliuliza mama ana mstari wa rangi gani."

Baba Hakimu alicheka. Alisema majaji wa siku hizi hawasomi kielelezo kikamilifu, kwa maana mama alikuwa kila mahali.

Sasa inafaa kueleza desturi moja ya karakana alikofanya kazi. Ukutani mwa ofisi ya wapanga safari kulikuwa na ubao mweusi, na juu ya ubao yaliandikwa magari yenye matatizo tu. Hili breki, lile redieta, lile linangoja tairi. Gari zima haliandikwi. Ilikuwa sheria kabla ya Baba Hakimu kuajiriwa, na yeye aliifurahia kwa sababu iliokoa chaki. Lilikuwepo basi moja kuukuu, namba kumi na saba, ambalo kwa miaka tisa jina lake halikuwahi kufika ubaoni. Alhamisi saa nne asubuhi basi hilo lilisimama katikati ya barabara ya soko, abiria sitini ndani, likakataa kabisa.

Fundi mkuu, ambaye karakana nzima ilimwita Grisi, aliingia ofisini akifuta mikono kwa kitambaa kilichozidi kuichafua.

"Kumi na saba imekufa," alisema.

"Haiwezekani. Kumi na saba haina tatizo."

"Haikuwa na tatizo. Mara ya mwisho kubadilishwa mafuta lini?"

Baba Hakimu alitazama ubao. "Haipo ubaoni."

"Najua haipo. Nakuuliza mafuta."

"Grisi, gari ambalo haliharibiki nitaliandika kwa sababu gani?"

"Basi usilishangae," alisema Grisi, akakaa juu ya meza bila kukaribishwa. "Hakuna aliyelitazama kwa sababu halikulia. Tukaongeza safari juu ya safari. Likiwahi asubuhi, lipe na ya jioni. Kuna gari jingine limelala, kumi na saba ichukue. Hata mimi nimo, sijitoi." Alikuna kichwa. "Shemeji mtihani lini?"

"Kesho. Saa kumi."

"Mwambie nimemwombea. Na kesho saa kumi watoto wanachukuliwa na nani?"

Baba Hakimu alifungua kinywa atoe jibu. Jibu alikuwa nalo, aliliandika mwenyewe. Ijumaa, saa kumi, onyesho la bendi, Honi: Baba. Ijumaa, saa kumi, onyesho la maigizo, Kitinda: Mama. Ijumaa, saa kumi na nusu, mdahalo wa fainali, Hakimu: Mama, akitoka kwa Kitinda.

Kinywa kilibaki wazi. Grisi, ambaye alikuwa amezoea kuona injini zikizimika, alishuka mezani taratibu akaenda zake.

Jioni hiyo Baba Hakimu alimkuta mkewe jikoni akimenya viazi, kitabu kimeegemezwa kwenye birika. Alivuta kigoda akakaa, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

"Mama Hakimu. Ratiba ya kesho."

"Ee."

"Uliiona tangu Jumapili?"

"Niliiona."

"Mbona hukuniambia? Mwaka huu ni wa tatu. Unajua ni wa tatu."

Alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitumbukiza majini. "Ulikuwa umefurahi sana na kalamu zako," alisema. "Nikasema, nikimwambia atakunja uso, atasema nimemdharau. Nikamwomba Mungu akufumbue macho uione mwenyewe. Nikampa mpaka leo jioni."

"Ulimpa Mungu siku ya mwisho?"

"Ningefanyaje? Mtihani ni kesho. Asingekufumbua, ningekwambia mwenyewe baada ya chakula."

Baba Hakimu aliinamisha kichwa. Alitamani akemewe, maana mtu akikemewa hupata cha kujibu. Badala yake alipewa kisu na viazi sita.

Wakiwa mezani aliwaambia watoto kwamba kesho mama hayupo. Honi aliuliza hayupo wapi. Kitinda aliuliza kama amekufa. Hakimu alipoelezwa kwamba baba mmoja atazunguka mahali patatu kwa saa moja, na kwamba huenda asifike kwake kabla mdahalo haujaisha, alikunja mikono.

"Ni fainali, baba."

"Ndiyo."

"Wenzangu wote watakuwa na mzazi."

"Ndiyo. Wewe utakuwa umekosa siku moja. Mama yako amekosa miaka miwili. Lijibu hilo."

Hakimu alifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe kutafuta upande wa pili wa hoja bila kuupata. "Sina pingamizi," alisema, akala viazi vyake.

Ijumaa kazini walimtaka, kumi na saba bado ikiwa imefunguliwa kama samaki aliyepasuliwa. Grisi alimwambia mkubwa wao kwamba mpanga safari anaumwa. Baba Hakimu alisema haumwi, anamsindikiza mkewe kwenye mtihani. Mkubwa alishangaa sana kusikia sababu ya kweli, akasahau kumkatalia.

Ukumbi wa mtihani ulikuwa ghorofa ya pili ya shule moja ya zamani. Walifika saa tisa na nusu. Varandani walisimama watahiniwa wengine, mlinzi wa usiku, mama wawili wenye watoto mgongoni, kijana mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi, kila mmoja akisoma kitu kwa midomo. Mlango ulikuwa wa kufungwa saa kumi kamili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Baba Hakimu alikuwa amefika mahali na mtu sahihi, si chombo chake.

Mkewe alifumba macho aombe. Naye alifumba, moja vizuri na jingine nusu, kwa ajili ya saa. Hawakufika mbali, simu ya mama ikalia.

Shule zote tatu zilikuwa na namba ya mama. Daktari wa meno alikuwa nayo, mwalimu wa bendi alikuwa nayo, mpaka mshonaji wa gunia la jiwe. Mkono wake ulikwenda mfukoni wenyewe, kama mkono wa askari.

"Nipe hiyo," alisema mumewe.

"Hutajua cha kuwajibu."

"Watazoea."

Aliishika simu kidogo zaidi, ikilia, akitazama namba. Kisha akaitia kiganjani mwa mumewe, akageuka akaingia bila kuaga, haraka, kama anayeogopa kuitwa. Msimamizi alifunga mlango nyuma yake dakika nane baadaye.

Kati ya saa kumi na saa kumi na mbili simu hiyo ililia mara kumi na moja, na kila aliyepiga alianza na "Mama Hakimu." Jiwe halijafika. Honi ameacha mdomo wa tarumbeta nyumbani. Fomu ya Hakimu haina sahihi. Jiwe bado halijafika. Je, Kitinda anaruhusiwa karanga? Baba Hakimu hakujua kama Kitinda anaruhusiwa karanga. Alisimama katikati ya njia, simu sikioni na gunia begani, akiona haya mbele ya Mola wake kwamba ana mtoto wa miaka sita na swali hilo linampiga chenga. "Mwulizeni mwenyewe," alisema mwishowe, na Kitinda alijibu vizuri tu.

Alichelewa kila mahali, kwa usawa na bila upendeleo. Jiwe lilifika onyesho la kwanza limeisha, shujaa amekaa juu ya kiti cha plastiki, na hadhira haikuona tofauti. Kitinda aliingizwa kwenye onyesho la tatu, ambako hakukuwa na haja ya jiwe, akapigiwa makofi. Honi, bila mdomo wa tarumbeta, alisimama mstari wa mbele akivimbisha mashavu bila kutoa sauti. Mwalimu wa bendi alimshika baba mkono kwa nguvu, akasema kwamba tangu aanze kufundisha hajapata kusikia bendi ikilingana namna ile. Hakimu walimkuta ameketi kwenye ngazi za shule, mkoba magotini.

"Nimeshindwa," alisema. "Kwa kura moja."

"Pole, mama."

"Nimekata rufaa."

Saa kumi na mbili na robo walikuwa wote wanne chini ya ngazi za ukumbi wa mtihani. Baba Hakimu alikuwa akifanya hesabu yake mwenyewe: kama mkewe alipata usingizi wa kutosha, kama kipindi cha Jumatano kilichopotea ndicho kilichokuwa na maswali, na kama kuna namna ya kuomba msamaha ambayo haigeuki tena kuwa hotuba. Hakuipata. Alimwomba Mungu ampatie mkewe anachokitaka, na hakumpa Mungu siku ya mwisho.

Mlango ulifunguliwa. Mlinzi wa usiku alitoka mbio kuwahi zamu. Yule kijana wa saruji alitoka akicheka peke yake. Mama Hakimu alitoka wa mwisho, akishika ukuta wa ngazi, taratibu.

Hakuna aliyethubutu kuuliza, hata Hakimu.

"Nimejibu nane," alisema alipofika chini. "Yalikuwa kumi."

"Hayo mawili yalikuwa magumu?" mumewe aliuliza.

"Hapana. Nilikuwa nayajua. Muda uliisha." Alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, akavua kiatu kimoja, akakunjua vidole. "Labda nimepita, labda sijapita. Majibu ni baada ya miezi miwili."

"Mama Hakimu, mimi ndiye..."

"Ngoja kwanza," alisema. "Kwa muda wa saa mbili na nusu nimekaa kwenye kiti. Kimoja hicho hicho. Hakuna aliyeniita. Swali la kwanza nililisoma mara tano kwa sababu nilikuwa nangoja mtu aniite." Alitikisa kichwa. "Halafu nikaona hakuna anayekuja. Nikaanza kuandika."

Baba Hakimu alikaa kando yake. Alifikiria miaka kumi na minne tangu Hakimu azaliwe, akaona kwamba hata kwa siku hiyo moja amempa kiti tu, na kiti chenyewe si chake.

Honi alisogea karibu. "Mama," alisema, "lile koti langu lenye zipu liko wapi?"

Wote walimgeukia mama, kwa mazoea, kama watu wanavyogeukia saa ya ukutani. Koti lile lilikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha kuogea, chini ya taulo la njano. Mama alijua. Uso wake ulionyesha kwamba anajua, na jibu lilikwisha kufika ncha ya ulimi.

"Sijui," alisema.

Alilisema polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya chakula alichopikiwa na mwingine. Kisha akavaa kiatu chake, akatangulia kuelekea nyumbani, na kwa muda hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumfuata.